Vumbi Lililoiva Darini

Mambo yote yalianza na mama mmoja wa Taipei aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Alishuka kwenye basi la wazuru hekalu, akaingia kiwandani kwetu kununua udi wa vijiti, kama wanavyoingia wote wakishamaliza kusujudu. Akanusa. Akanusa tena. Akauliza siri ya harufu ile ni nini, mbona viwanda vingine mtaani havina.

Siok-bi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anafunga vijiti mafungu mafungu. Yeye ni mjane wa kaka yake bosi. Mdomo wake haujapata kupumzika tangu aote meno, na hata sasa meno yalipong'oka, mdomo umebaki kazini. Akainua kidole akaonyesha vyuma vya paa la chumba cha nyuma, ambako unga wa msandali umelala tangu enzi za baba mkwe wake, umekuwa mnene na wa dhahabu kama blanketi la mtu tajiri.

"Ile pale," akasema. "Tunaiacha iive. Inakula harufu ya kila udi unaotengenezwa hapa chini, mwaka hata mwaka. Halafu tunachota kijiko kimoja tu, tunachanganya. Wenzetu hawana subira hiyo."

Uongo mtupu. Lile vumbi lilikuwa juu kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kupanda ngazi.

Lakini yule mama alivua miwani, akatazama juu kama anayetazama sanamu ya mungu, akanunua akajaza buti la basi. Na Tiam-sing, bosi wetu, alikuwa nyuma ya pazia anakunywa chai. Alisikia kila neno.

Kabla mwezi haujaisha kibao kikawekwa mlangoni: UDI WA VUMBI LILILOIVA. Watu wakaja. Tiam-sing akatangaza kwamba yeyote atakayegusa vumbi la chumba cha nyuma, hata kwa ufagio wa manyoya ya kuku, atafute kazi kwingine. Siok-bi alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, ikabidi ayatafute kwenye kapu la vijiti.

Aliyecheka naye zaidi ni wifi yake, Gueh-kiau, dada mdogo wa Tiam-sing. Gueh-kiau ndiye anayeshughulika na mashine ya kuchekecha unga, humo humo chumba cha nyuma, chini ya lile blanketi. Jioni alikuwa akitoka wa manjano kuanzia nywele hadi viatu, anafanana na kuku aliyepakwa viungo.

"Wifi," alisema, "umelifanya vumbi kuwa mzee wa ukoo. Kesho litataka liandaliwe chakula."

"Wewe lisalimie tu ukiingia. Usije ukalikosea adabu likakuangukia."

Ndivyo alivyosema Siok-bi. Maneno hayo yalikuja kumrudia baadaye, na hayakuwa na kicheko tena.

Mwezi wa mwisho wa kalenda yetu ya zamani, wiki moja kabla ya sikukuu ya tarehe kumi na sita, akaja msichana wa ukaguzi wa viwanda. Jina lake Iu-bun. Viatu vyenye ncha za chuma, tochi kiunoni, sura ya mtoto wa shule. Tiam-sing alimkaribisha chai, akadhani atakunywa aondoke. Hakunywa. Alianza kuzunguka.

Sisi tulizoea wakaguzi wanaotazama sakafu. Huyu alitazama juu. Aliuliza unga unatokea wapi, unatua wapi, na moto uko wapi. Akapanda ngazi kwenye chumba cha mbele, akapitisha kidole juu ya bomba la taa, akaandika jina lake lote pale.

"Bosi, njoo usome," akasema.

"Naona hapa chini. Mwandiko mzuri."

"Nisingetakiwa kupata pa kuandika. Ukitazama chuma usione rangi yake, vumbi limezidi."

"Binti, huu ni unga wa udi. Ni kitu cha miungu. Babu yangu alikula vumbi hili maisha yake yote, akafa kwa uzee."

Iu-bun hakubishana. Alituita uani sote isipokuwa Gueh-kiau, aliyekuwa kule nyuma ya hekalu anageuza vijiti juani. Akachukua kopo la maziwa ya unga lenye tundu ubavuni, akaweka ndani kipande cha mshumaa kinachowaka, na karibu na tundu kijiko kimoja cha unga wetu wenyewe. Kwanza alishika kiberiti juu ya unga uliobaki sahanini. Ukafuka moshi kidogo, ukanukia, basi. Tiam-sing akatuangalia kama kusema, si niliwaambia? Kisha msichana akafunika kopo, akaingiza mrija kwenye tundu, akapuliza.

Pu! Mfuniko ukaruka kupita paa la jirani. Mbwa wa jirani mpaka leo hapiti uani kwetu.

"Kile kilikuwa kijiko kimoja," akasema Iu-bun, anajifuta masizi puani. "Unga ukilala hauwaki haraka. Ukipeperuka ndani ya chumba kilichofungwa, cheche moja inatosha. Ila mlipuko wa kwanza siuogopi sana, huwa mdogo. Ule mdogo unatikisa paa, unaangusha vumbi lote la juu, na hilo nalo linashika moto. Wa pili ndio unaobomoa nyumba."

Siok-bi alikuwa amesimama amekumbatia kapu lake. Yeye si mtu wa kusoma sana, aliishia darasa la sita. Lakini kopo alilielewa. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

Macho ya Iu-bun nayo yakaenda huko huko.

"Na mle ndani?"

Tiam-sing akatoka jasho, na ilikuwa baridi. Akamtazama shemeji yake. Mtazamo wenyewe ni ule wa mtoto aliyevunja chupa. Wanajuana hao wawili tangu Tiam-sing akiwa kijana wa kupeleka vijiti sokoni kwa baiskeli, na Siok-bi bibi harusi mpya anayemfichia makosa yake. Mazoea yakamtangulia.

"Mwanangu," akasema Siok-bi, sauti tamu kama uji wa maharage mekundu, "umezaliwa mwaka wa mnyama gani?"

"Nyani, bibi."

"Masikini! Nyani! Tumehamishia meza ya mababu mle ndani, na mtazama kalenda wa siku njema na mbaya ametuambia aliyezaliwa mwaka wa Nyani asivuke kizingiti mpaka kumi na sita ipite. Si kwa ajili yetu. Kwa ajili yako wewe. Hujaolewa, eti?"

Angesema Jogoo, Jogoo ndiye angekatazwa. Angesema Mbuzi, Mbuzi huyo huyo. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili kwa zamu.

Iu-bun alilelewa na bibi yake. Ilionekana. Mguu wake ulikuwa tayari umeinuka. Akaurudisha chini taratibu, akakuna shingo. "Basi nitarudi tarehe kumi na saba," akasema. "Lakini mpaka hapo msitumie mpira wa kompresa ya upepo mle ndani. Vumbi lisipulizwe kabisa. Mashine izimwe. Mwambieni anayefanya kazi humo."

"Tutamwambia," akasema Tiam-sing.

"Tutamwambia," akasema Siok-bi.

Alipoondoka, Tiam-sing alimnunulia shemeji yake mayai yaliyochemshwa kwenye chai, fungu zima, akamwekea magotini. Siok-bi akamenya moja. Akalirudisha kwenye fungu.

Hawakumwambia. Tiam-sing kwa sababu maagizo ya mwaka mpya yalikuwa yamejaa na mashine haiwezi kuzimwa. Siok-bi kwa sababu nyingine: ukimwambia Gueh-kiau asipulize vumbi, atauliza kwa nini. Ukimwambia kwa nini, atauliza mbona mkaguzi hakuingia kuona. Na hapo lazima useme, wifi, nilimzuia mimi, kwa Nyani.

Kila asubuhi alijiambia leo nitasema. Gueh-kiau anapita na kifungua kinywa chake cha tofu, anamwachia kipande. "Mbona umenyamaza, wifi? Umemeza sindano?" Siok-bi anacheka kidogo. Siku inapita. Akisikia mashine inaanza kuunguruma kule nyuma, vidole vinamkosea, anafunga fungu lenye vijiti pungufu.

Alijaribu njia za pembeni. "Wifi, njoo ufanye kazi huku mbele na mimi, nina upweke."

"Upweke wewe? Juzi ulimsimulia paka habari za harusi yako."

"Kule nyuma kuna baridi."

"Kuna mota, kuna joto. Tena beringi yake siku hizi ina joto kweli, naweka chakula juu yake kinapata moto. Wewe unataka nini?"

Siok-bi akainama kwenye kapu. Alikuwa anataka mtu mwingine amsemee.

Tarehe kumi na sita ya mwezi wa mwisho ndiyo siku ya kumshukuru mungu wa ardhi kwa biashara ya mwaka mzima. Kila duka na kila karakana inaweka meza mlangoni: kuku mzima, samaki, nyama ya nguruwe, machungwa, chai. Mkisha kusujudu mnachoma karatasi za dhahabu kwenye pipa la chuma mbele ya mlango. Na kabla meza haijawekwa, nyumba lazima ing'ae. Huwezi kumkaribisha mungu kwenye uchafu. Sasa kiwanda cha udi unakisafishaje kwa haraka? Sisi sote tunajua, na wazee wetu walijua tangu mashine za upepo zilipofika: unachukua mpira wa kompresa, unapuliza kila kona, vumbi linatoka mlangoni kama moshi. Ndiyo usafi wetu wa kumi na sita. Hakuna anayeagizwa. Mkono unaufuata mpira wenyewe.

Siok-bi alikuwa anapanga machungwa. Tiam-sing, ndani ya koti lake la sikukuu, alikuwa ameshawasha karatasi kwenye pipa kwa sababu alitaka kuwahi karamu ya wafanyabiashara. Kisha kompresa ikaanza. Tuk-tuk-tuk-tuk.

"Nani yule?" akauliza Siok-bi, ingawa alijua.

"Gueh-kiau anasafisha."

"Si ulimwambia?"

"Mimi nilidhani wewe ndiye uliyemwambia."

Walitazamana. Chungwa likaanguka, likaviringika mpaka barabarani.

Siok-bi alikimbia. Hajakimbia tangu mwanawe wa mwisho aanze shule, lakini alikimbia, akiita, "Kiau! Kiau! Weka chini!" Na mwenzake alikuwa amejifunga kitambaa usoni hadi masikioni kwa ajili ya vumbi na kelele. Alimwona kupitia mlango wazi: mgongo wa Gueh-kiau, mpira mkononi, anapuliza mashine ya kuchekecha, na wingu la manjano limemzunguka kama neti. Mota yenye ile beringi ya moto inaunguruma chini yake.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu amekung'uta godoro. Wingu likageuka la machungwa, mara moja, likapotea. Gueh-kiau akarushwa nyuma, akatua juu ya magunia, mikono ameinyoosha mbele kama anayekataa kitu.

Siok-bi alitaka kwenda kwake. Ndipo aliposikia juu kunasema shhh.

Vumbi la darini lilikuwa linashuka. Lile alilolitungia hadithi. Vyuma vilikuwa vimetikisika na blanketi lote likaanza kumwagika taratibu, pazia la dhahabu, zuri ajabu, linanukia kama hekalu asubuhi. Na upepo wa mlangoni ukalivuta kuelekea nje. Kuelekea kwenye pipa.

Wa pili ndio unaobomoa nyumba.

Hakufikiri. Akarudi mbio kwenye meza; karibu nayo kulikuwa na ndoo ya maji machafu ya kupigia deki. Akainyanyua akaimwaga yote ndani ya pipa, juu ya karatasi za dhahabu za mungu wa ardhi. Moto ukalia, ukafa. Kisha akaondoa udi uliokuwa ukiwaka mezani, wote, akauzamisha kwenye supu ya samaki.

"Shemeji!" Tiam-sing alikuwa amejaa majivu koti zima. "Umezima moto wa mungu! Kwa maji ya deki!"

"Zima umeme!" akapiga kelele Siok-bi. "Swichi ya nje! Usiguse ya ndani! Zima, mpumbavu wewe!"

Alizima. Pazia likatoka, likatupita, likatua juu ya kuku, samaki na machungwa, juu ya nyusi zetu. Hakuna kilichowaka. Kule ndani Gueh-kiau alikuwa analia kwa sauti ndogo, akiita jina la mama yake.

Mikono iliungua kuanzia vidole hadi viwiko. Uso ulinusurika kwa sababu ya kitambaa, lakini nyusi na nywele za mbele zilikwenda. Daktari alisema ngozi itarudi, ila vidole vitachukua muda mrefu kukunjika, na pengine viwili havitakunjika kabisa.

Kesho yake Iu-bun alirudi, kama alivyoahidi. Alitukuta nyumbani kwa bosi, mkabala na kiwanda. Gueh-kiau amekalishwa kitini, mikono imefungwa bandeji nyeupe kama mikate miwili, na Siok-bi anamlisha uji wa mchele kwa kijiko. Gueh-kiau alikuwa bado anatania. "Wifi, unanilisha kama bata wa sikukuu. Pole pole."

Tiam-sing alisimama. Hakumtazama yeyote.

"Ni uzembe tu, binti," akasema. "Dada yangu ni mkaidi. Aliambiwa asipulize, akapuliza."

Siok-bi alimtazama wifi yake, akingoja alipuke, amtukane kaka yake mpaka wa kaburini wasikie. Hakulipuka. Alikunja uso usio na nyusi, anafikiri.

"Labda niliambiwa," akasema taratibu. "Masikio yangu siku hizi... Pengine uliniambia, kaka, sikusikia. Basi ni kosa langu."

Kijiko kilikuwa njiani. Siok-bi akakirudisha kwenye bakuli. Angeweza kunyamaza. Lile neno lilikuwa limeshasemwa na aliyeungua mwenyewe, tena kwa hiari. Lilikuwa limekaa pale mezani, limemwondolea kila lawama, na lilikuwa zito kuliko kumwambia.

"Hukuambiwa," akasema.

"Shemeji," akasema Tiam-sing.

"Hukuambiwa na yeye wala na mimi. Huyu binti alituagiza tukuambie, tukasema ndiyo. Alitaka kuingia chumba cha nyuma tangu wiki ile, nikamzuia mimi." Akamgeukia Iu-bun. "Hakuna meza ya mababu mle ndani, mwanangu. Hakuna mtazama kalenda. Nyani nilimtoa kichwani. Nilikuona una adabu, nikaitumia adabu yako. Na lile vumbi haliivi. Haliivi chochote. Nilikuwa natania mteja, kisha mzaha ukapata kibao mlangoni, mimi nikacheka, nikamwacha wifi yangu afanye kazi chini yake."

Iu-bun aliinamisha kichwa. Masikio yalimwiva mekundu. Nadhani alijiona na yeye ana sehemu yake, mguu ule ulioinuka ukarudi.

Gueh-kiau ndiye aliyezungumza.

"Mimi ni wa mwaka wa Nguruwe," akasema. "Nguruwe aliruhusiwa kuingia?"

Kwa mara ya kwanza sisi sote tulimwona Siok-bi mdomo uko wazi na hautoi kitu.

"Weka bakuli chini," akasema Gueh-kiau. "Nitakula baadaye. Nitalishwa na mtu mwingine."

Kiwanda kilifungwa mwaka mpya wote. Iu-bun alivuka kizingiti, akapanda ngazi, akakaa juu muda mrefu na tochi yake. Vumbi lililobaki likanyunyizwa maji kidogo kidogo lisiruke, likazolewa, kisha mashine maalumu ya kufyonza, isiyotoa cheche, ikamaliza mianya. Vyuma vikaonekana vina rangi ya kijani. Hakuna aliyekuwa anajua. Mota ikabadilishwa, ikawekwa nje ya ukuta. Mashine ya kuchekecha ikavishwa mfuniko na bomba la kuvuta unga kabla haujaruka. Waya ukazikwa ardhini kutoa umeme wa msuguano. Kompresa ikafungiwa kwa kufuli. Pipa la karatasi likahamishwa ng'ambo ya uwanja, na Tiam-sing alilisukuma mwenyewe.

Kibao alikishusha Siok-bi. Wazuru wakija kuulizia vumbi lililoiva, anayewajibu ni yeye, kwa amri ya Gueh-kiau, na lazima awajibu kwa sauti inayosikika chumba cha nyuma. "Ulikuwa uongo wangu, mama. Uliunguza mtu." Wengine wanaondoka bila kununua. Anaendelea kufunga vijiti.

Gueh-kiau alirudi kazini mwezi wa tatu, msimu wa maandamano ya mungu wa bahari, mikono ndani ya glavu za pamba. Siku ya kwanza alipita mbele ya kigoda bila salamu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alisimama, akadondosha penseli ya wanja kwenye kapu.

"Vidole havishiki," akasema. "Chora."

Nyusi zilikuwa hazijaota vizuri. Siok-bi akasimama, akalamba ncha ya penseli, akachora. Ya kushoto ikapanda juu kuliko ya kulia.

"Zimekuwaje?"

"Moja imepanda. Unaonekana kama unashangaa."

"Nashangaa kweli," akasema Gueh-kiau, akaenda zake.

Ndivyo ilivyo sasa kila asubuhi. Anachorewa, hasemi zaidi. Na kila tarehe mbili na kumi na sita ya mwezi, siku za kumwekea meza mungu wa ardhi, kabla meza haijawekwa, Siok-bi anachukua mti mrefu aliofunga kitambaa cheupe nchani, anaupitisha juu ya vyuma vya chumba cha nyuma, kimoja kimoja, shingo ikimuuma. Kisha anamletea wifi yake kitambaa. Gueh-kiau anakigeuza kwenye mwanga, upande huu, upande ule. Mara mbili alikataa, tukafyonza upya na mungu akangoja.

Juzi alikitazama muda mrefu kuliko siku zote. Akakirudisha.

"Washa," akasema.

Siok-bi akavuka uwanja mpaka kwenye pipa, karatasi za dhahabu kifuani, kiberiti mkononi. Alipofika alisimama, akageuka kumtazama Gueh-kiau mlangoni, kama anayeomba aambiwe mara ya pili.

Gueh-kiau hakusema mara ya pili. Ila hakuondoka pale mlangoni mpaka karatasi zilipokwisha kuungua.